Turbo Iliyopakwa Samli

Mimi ni mwalimu wa fizikia na nina hasira za karibu. Ninasema mapema ili baadaye nisionekane nimeficha kitu. Siku gari langu lilipoishiwa nguvu katikati ya kilima cha kupandia kwetu Masieda, baba yangu akiwa ameketi kushoto kwangu ndani ya koti lake la kanisani, sikufungua boneti kwanza. Nilipiga usukani makofi mawili, nikalaumu barabara, nikalaumu mafuta niliyojaza asubuhi, nikalaumu hata mbuzi waliokuwa wakitutazama. Baba alisubiri nimalize. Kisha akafungua mlango, akachukua fimbo yake, akafunga kifungo cha juu cha koti na kuanza kupanda kilima kwa miguu.

Yalikuwa majira ya kuvuna maharage ya ngwara, na mashamba ya pande zote mbili yalijaa watu. Kila hatua chache mtu aliinua mgongo na kumwamkia, shikamoo mzee, na baada ya marahaba likafuata swali lilelile: gari lina nini? "Limechoka," baba alijibu. Alijibu hivyo mara tisa. Ninajua idadi kwa sababu nilikuwa nyuma yake nimebeba mfuko wake wa dawa za mgongo, na kila mara nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la milango miwili, jekundu lakini limepauka mpaka linafanana na tofali. Nililinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma, na wenzangu shuleni walicheka wiki nzima, maana mwalimu mwenye mvi zangu alitegemewa anunue kitu cha kubebea magunia. Hawakujua lina turbo. Turbo ni chuma kizito cha kushikika mikononi, kimeviringana kama konokono, na ndani yake mna feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Feni ya pili inavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi na magari ya kawaida yanapanda yakihema. Langu lilikuwa ukikanyaga unasikia mluzi mwembamba, halafu kiti kinakusukuma mgongoni, na nilikuwa nikicheka peke yangu kila asubuhi kama mtu aliyesikia siri nzuri.

Turbo hiyo niliiua mwenyewe. Ikitoka kwenye kazi kali inataka dakika mbili tatu za kupoa injini ikiwa bado inaunguruma; usipoipa, oili iliyomo ndani inaungua na kugandia kwenye mhimili. Mimi nilikuwa nafika shuleni nimechelewa, nazima papo hapo, nakimbilia paredi. Na joto ni mada ninayoifundisha kila mwaka, tena kwa majigambo.

Kilichoniuma lakini hakikuwa gari peke yake. Jumamosi iliyokuwa inafuata nilikuwa nimempa baba ahadi ya kumpeleka Dirma, kule chini Hanang, kwa shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Dirma kabla mimi sijazaliwa, na kati ya watoto wote wa nyumba yao wamebaki hao wawili tu. Zamani walionana kila baada ya mavuno. Mgongo wa baba ulipokataa basi, wakahamia kwenye simu, na kila Jumapili alasiri waligombana kwa raha zao: nani alimsukuma mwenzake mtoni, nani aliacha ndama wakala mtama wa jirani, nani alichapwa kwa kosa la nani. Sisi wengine tulikuwa tunatoka nje na kuwaacha. Halafu mwaka huu masikio ya shangazi yakaanza kuziba. Mwanzoni alisema mtandao ni mbaya. Baadaye akawa anapokea, anasema halo, halo, nani wewe, baba anapaza sauti mpaka kuku wanakimbia uani, na yeye anakata. Jumapili moja baba alipiga mara nne. Mara ya nne aliiweka simu mezani mbele yangu.

"Nikimwita haitiki," akasema. "Nipeleke nikamwite sikioni."

Sikumbuki lini baba aliwahi kuniomba kitu kingine. Ndugu zangu walisema tukodi gari la mtu, lakini dereva wa kukodi anaangalia saa, na baba kila baada ya muda inabidi ashuke, anyooshe mgongo, azungukezunguke kwanza. Kwenye gari langu angesema simama, nami ningesimama. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga, mpaka lilipokufa tukitoka kanisani, siku sita kabla ya safari.

Alipofika juu ya kilima siku ile aliketi kwenye jiwe kunisubiri. Hakugomba. Alisema tu, "Kushuka mpaka Dirma hata jiwe linaweza. Mimi nataka gari la kurudi nalo. Sipandi tena mpaka nione kwa macho."

Wiki hiyo shule ilikuwa imefungwa, na tulikuwa na bahati. Fundi wa matrekta kutoka Masakta alikuwa amepanda kwetu kutengeneza mashine ya kupukuchulia mahindi. Masakta wanalima kwa trekta kuliko sisi, na mtu aliyekulia huko amefungua turbo nyingi kuliko nilizowahi kuchora ubaoni. Alikuwa mtu wa makamo, mchache wa maneno, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa kali. Alifika kwetu Jumatatu, gari likiwa limeshakokotwa mpaka uani, akafungua, akaitoa turbo, akaingiza vidole viwili na kuutikisa mhimili. Ulicheza kama jino bovu.

"Hii imekufa, mwalimu," akasema. "Ulikuwa unazima ikiwa moto?"

"Hapana," nikasema.

"Ulikuwa unazima ikiwa moto," akasema tena, na safari hii haikuwa swali. Baba alikuwa karibu. Akaangalia pembeni kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Fundi alimpigia simu mtu wake wa vipuri huko Katesh, na Jumatano alasiri basi likatushushia boksi lililofungwa kwa gunia. Ndani mlikuwa na turbo mbili, zote za mtumba. Moja ilikuwa ndogo, ya saizi ileile ya mwanzo, iliyotoka kwenye gari kama langu lililokatwa kwa vipuri. Nyingine ilikuwa kubwa, ya gari la ukoo uleule lakini lenye injini kubwa zaidi. Matundu ya boliti yalilingana, kwa hiyo ingeingia. Bei zilikaribiana, hivyo hata kisingizio cha pesa sikuwa nacho. Ilibidi nichague.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla boksi halijafunguliwa. Kwenye simu niko kwenye kundi la wapenzi wa magari ya aina hii, wengi ni vijana wa Dar na Arusha ambao hawajui kama nina miwani ya kusomea. Niliwatumia picha za turbo mbili zikiwa kwenye meza ya mama, karibu na sufuria ya makande. Wote walisema kubwa. Mmoja aliandika, "Weka kubwa dada, utaruka." Kichwa kikanivimba.

Fundi alizikagua kwanza. Aliangalia meno ya feni kwa tochi kama yameng'oka mahali, akapitisha kidole ndani kuona kama mna oili iliyovuja, kisha akatikisa mhimili wa kila moja. Kuyumba kidogo upande kwa upande, alisema, ni ruhusa. Kuingia na kutoka, hata kidogo, hapana. Zote mbili zilipita. Baba naye akaomba azione. Aliinua ile kubwa mpaka mdomoni akaipuliza, na feni ikasogea kidogo ikasimama. Akapuliza ile ndogo. Ilizunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka akiwa ameshaishusha mapajani.

"Huyu ananisikia," akasema.

"Baba, injini haina pumzi kama zako," nikamwambia. "Ina nguvu. Hiyo kubwa ikichangamka inatoa hewa nyingi zaidi."

"Ikichangamka," fundi akasema. "Injini yako ndogo, mwalimu. Itachukua muda kuiamsha hiyo. Kwenye lami ya Arusha sawa. Hapa kwenu kuna kona, unapunguza, inalala. Unatoka kwenye kona, unaiamsha tena. Ikiamka, kona nyingine."

Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaanza kumweleza habari za shinikizo la hewa kwa lugha ya darasani, na yeye akawa anafuta spana zake moja moja. Nilipoishiwa maneno nikasema basi gari ni langu, na fundi akasema ni kweli ni lako, na mama akasema chakula kiko tayari. Hapo ndipo baba alipoingia na jambo ambalo mtu wa Dar asingeliwaza.

Kwetu ng'ombe wa kulimia hanunuliwi kwa macho. Muuzaji anakuachia umpeleke nyumbani, unamfunga nira pamoja na wako, unalima naye kwanza mahali tambarare, halafu kwenye mteremko wenye udongo mzito. Ukiridhika unamlazia fimbo mgongoni mbele ya mwenyewe, na ndipo mazungumzo yanapoanza. Usiporidhika unamrudisha, na hakuna anayenuna.

"Hawa wawili wajaribiwe," baba akasema.

Fundi aliacha kula. "Mzee, hii si ng'ombe. Kufunga na kufungua ni kazi ya siku nzima. Kila moja."

"Kwenu Masakta mnachukua ng'ombe bila kumjaribu?"

Fundi alitafuna kwa muda mrefu. "Baba yangu alichukua hivyo mara moja," akasema. "Dume kubwa, zuri kabisa. Likifika katikati ya shamba linalala chini. Tulikuwa tunalima kulizunguka."

Mama alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Fundi hakucheka, lakini alikuwa ameshakubali, na mimi nikakubali kwa sababu nilikuwa na hakika kilima kitaniunga mkono.

Alhamisi akafunga ile kubwa. Baba ndiye aliyepanga jaribio. Gari lisijaribiwe tupu, alisema, maana siku ya safari halitakuwa tupu. Basi tukapakia kwenye viti vya nyuma magunia ya vitunguu swaumu, na mama akakaa kushoto akishikilia kitenge chake. Baba mwenyewe alitangulia kwa miguu mpaka kwenye lile jiwe la kona ya juu, akaketi na fimbo katikati ya magoti.

Nilishuka kilima kwanza, nikageuza mbali kule kwenye tambarare. Sehemu hiyo, nakiri, sitaisahau. Gari lilinyamaza, likanyamaza, nikakanyaga zaidi, halafu kitu kikafunguka mbele ya miguu yangu na nguzo za umeme zikaanza kupita haraka. Nilipiga kelele za furaha. Mama alikuwa anasema Baba yetu uliye mbinguni. Tukafika chini ya kilima nikiwa tayari nimeshaandika kichwani ujumbe wa kuwatumia vijana wa kundi.

Kona ya kwanza nikapunguza. Nilipokanyaga tena, hapakuwa na kitu. Gari lilipanda kama gari lolote dogo lililobeba vitunguu, likahema, nikaweka gia ya kwanza, na turbo ikaamka pale ambapo kona ya pili ilinilazimu kuachia. Ikalala. Kona ya tatu ikaamka yote kwa mara moja, tairi zikaserereka kwenye kokoto na nyuma ya gari ikaelekea mfereji. Nilisimama hatua kumi chini ya jiwe la baba. Mama alifungua mlango akashuka, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni.

Baba hakuinuka. "Huyu anaamka wenzake wameshamaliza kulima," akasema.

Nilinuna. Nilinuna chakula cha mchana na nilinuna jioni, na fundi alipoanza kuitoa turbo kubwa sikumpa hata spana. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba sikuwa na mtu wa kumpinga. Nilikuwa nimetaka kuruka, na mwenye safari alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu aliyetaka tu kupanda kona nne bila kushushwa. Kabla ya kulala nikaenda kwa fundi, aliyekuwa amepewa chumba cha uani, nikamwambia kesho tufunge ndogo. Akasema alikuwa anajua.

Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa imeshafungwa. Ilikuwa siku ya mwisho. Kama ingeshindwa, hapakuwa na Dirma kesho, na shule inafungua muhula wa mitihani, na mgongo wa baba haungoji muhula. Niliwasha nikiwa na mama kando yangu na vitunguu nyuma. Injini ikashika vizuri. Nikaiacha ipate moto, nikakanyaga kidogo, na nyuma yetu kukatoka moshi.

Haukuwa moshi kidogo. Ulikuwa mweupe, mzito, ukafunika ua, ukafunika zizi, ukaanza kushuka kuelekea kwa jirani. Ng'ombe wakatoka mbio. Kila mtu anayejua turbo anajua maana ya moshi wa namna hiyo: oili inavuja ndani, imekufa, itupwe. Fundi alisimama na mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amevua kofia. Nilizima gari. Nikaweka paji la uso kwenye usukani na safari hii sikumlaumu mtu. Nilichofikiria ni jinsi ya kutoka nje na kumwambia baba.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa amekunja pua, ananusa.

"Mbona kunanuka pilau?"

Nikainua kichwa. Ilikuwa kweli. Ukiacha vitunguu swaumu nyuma yetu, ndani ya ule moshi mlikuwa na harufu ya kikaango, tena ya sikukuu. Fundi alichuchumaa nyuma ya gari, akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, akakinusa, akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakaishia kwa baba.

"Mzee," akasema kwa upole, "hii turbo ulifanya nini?"

Baba alikuwa amesimama karibu na nguzo ya zizi akikagua ncha ya fimbo yake. "Nilimpaka kidogo," akasema. "Alikuwa amekaa mezani siku mbili, mkavu. Plau ya kulimia tukiihifadhi tunaipaka."

"Ulipaka nini?"

"Samli."

"Nje?"

"Nje na ndani," baba akasema. "Nikapaka na zile feni. Nilitumia unyoya wa kuku ili ifike vizuri."

Fundi aliketi chini pale pale alipokuwa. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na mtu huyo ambaye kwa siku tano hatukuwahi kuona meno yake alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia ya sufu. Alikuwa ameiona ikimetameta asubuhi, alisema, akadhani mwalimu ameipaka oili safi kama alivyotuelekeza. Mama alicheka. Mimi nilicheka na kulia pamoja, nimeshika mlango wa gari, kwa sababu turbo haikuwa imekufa, ilikuwa inapika. Baba peke yake hakuona la kuchekesha. Alisema samli ilikuwa nzuri, ya ng'ombe wetu, na kwamba plau yake ina miaka mingi kuliko gari langu.

Tuliwasha tena tukaiacha iungue. Ilichukua kama robo saa, na kufikia hapo tulikuwa na mbwa watatu wa majirani wameketi nyuma ya bomba kwa utulivu, wakisubiri.

Moshi ulipoisha baba akaondoka na fimbo yake kwenda kwenye jiwe. Nikampa muda afike. Kwenye tambarare gari halikuruka. Lilikwenda vizuri tu, na sauti yangu ya ndani inayopenda kuruka ikaguna kidogo. Kona ya kwanza nikapunguza. Nikakanyaga, na mluzi ukaja hapo hapo, mwembamba, kabla hata sijanyoosha usukani. Gia ya pili. Kona ya pili, gia ya pili. Kona ya tatu, ile ya kokoto, gari liliuma ardhi na kupanda na shehena yote ya vitunguu na mama ambaye sasa alikuwa anasema, "Hee, linapanda hili." Nilijikuta naongea nalo kwa sauti. Kona ya nne baba alikuwa ameshainuka kwenye jiwe.

Nilisimama kando yake, nikaiacha injini iungurume ipoe. Alizunguka gari zima polepole, akiangalia tairi, akiangalia nyuma kama kuna moshi. Akaja mbele. Akainua fimbo, akailaza juu ya boneti, akaiacha hapo. Fundi alikuwa amemfuata baba kwa miguu. Alipoiona ile fimbo alivua kofia mara ya pili siku hiyo. Nimepata vyeti viwili maishani na hakuna kilichonifanya nijisikie vile.

Jumamosi tukaondoka mapema. Baba alivaa lile koti la kanisani na kuweka mapajani chupa ya samli ya kumpelekea dada yake. Tulipita Haydom, tukashuka kuelekea Basotu, na alisema simama mara saba. Kila mara nilisimama. Alishuka, akanyoosha mgongo, akawaamkia wachungaji waliokuwa wanavusha ng'ombe, akauliza habari za malisho, akarudi garini akiwa na habari. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu na wingu lake. Mara moja kwenye kipande kirefu kilichonyooka aliuliza kama kwa ile turbo kubwa tungekwenda haraka zaidi hapa. Nikasema ndiyo. Akafikiri. "Tungepita bila kuongea na mtu," akasema.

Shangazi alikuwa ameketi nje kwenye jua, mgongo kwenye ukuta, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua kuliko nilivyomkumbuka. Hakusikia gari, hakusikia milango, hakusikia wajukuu wake wakikimbia kutupokea. Baba aliwaashiria wanyamaze. Alimwendea kwa upande, akainama kwa shida na mkono mmoja kiunoni, akaweka mdomo kwenye sikio lake na kumwita kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu.

Mikono ya shangazi ilisimama juu ya maharage. Hakugeuka.

"Umechelewa," akasema.

Halafu akamshika koti, akamvuta mpaka akaketi, akampiga kofi kwenye goti, na kabla chai haijaletwa walikuwa wameshafika mtoni: nani alimsukuma nani. Baba alikuwa anajibu sikioni kwa sauti ya kuitia ng'ombe, shangazi anakanusha kwa sauti hiyo hiyo, na ua mzima ulijua makosa yao ya miaka ya utotoni kabla ya saa saba mchana. Wajukuu waliketi mstari wakisikiliza. Nilienda kukaa garini kidogo, nikafuta uso.

Jumapili baada ya kula nikawasha gari lipate moto. Baba alikuwa kwenye kigoda kando ya dada yake, miguu mitupu, koti limetundikwa kwenye msumari.

"Baba, twende. Kilima tukikute kuna mwanga."

"Wewe nenda. Una shule."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mtu wa kuongea naye."

Hasira zangu za karibu zikaja mbio. Nikamwambia nimefungisha turbo mbili kwa wiki moja, nimepakia vitunguu nimepakua, nimemkosesha mama usingizi, yote ili aweze kurudi, na sasa anasema harudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyofanya siku zote.

"Nimeona linaweza kurudi," akasema. "Ndiyo maana sina haraka."

Nilimwachia mfuko wake wa dawa za mgongo. Niliwaaga wote wawili, kwaheri shangazi, kwaheri baba, nikaondoka.

Nilifika chini ya kilima chetu jua likiwa bado liko juu ya miti. Sikuwa na vitunguu wala mama wala mtu kwenye jiwe. Nikapanda. Mluzi ulinikuta kila kona, gia ya pili mwanzo hadi mwisho, na watu wa ngwara wakainua migongo na kunipungia. Juu kabisa nikasimama kuipoza, na simu ikaita. Ilikuwa namba ya shangazi.

"Limepanda?" baba akauliza.

"Limepanda, baba. Gia ya pili yote."

Nilimsikia akigeuka kutoka kwenye simu, akivuta pumzi, halafu sauti yake ikatoka kubwa, karibu na sikio la mtu: "Anasema limepanda! Gia ya pili!"

Na nyuma yake sauti ya shangazi: "Gia ndiyo nini?"

Baba akaanza kumweleza. Alikuwa amesahau kabisa kuwa niko hewani. Sikukata. Niliiweka simu kwenye kiti chake, injini ikiunguruma, nikakaa nikimsikiliza akimfafanulia dada yake, kwa kupaza sauti na kwa makosa mengi, jinsi gari linavyopanda mlima.